Betri ya Karavani Haitaki Kivuli

Nyinyi mliobaki na karavani mmenitaka niandike jinsi nilivyoitunza betri yake, kwa sababu mnasema Mama Asumini akiulizwa kwenye simu anajibu kwa ukali. Ni kweli. Mtu anayenipigia saa ya chakula kuniuliza waya mwekundu uende wapi ajue atajibiwa kwa ukali. Lakini sasa nimestaafu, nina muda, chai ipo mezani, haya nawaandikia. Sitasema nilipanda cheo lini wala nilikuwa nalipwaje, maana habari hiyo ingekwisha kwa mstari mmoja na msingejifunza kitu.

Kwa wasioijua, karavani yetu ni kijumba cha magurudumu cha kukokotwa na gari. Waliiacha wageni fulani waliokuja kutembea nchini, wakachoka nayo kabla ya safari kwisha. Mradi wetu wa afya ukaichukua, ukatoa vitanda, ukaweka mizani ya watoto, meza, taa na jokofu dogo la chanjo. Tukawa tunaivuta kutoka Masasi kwenda vijiji na vitongoji ambavyo nguzo za umeme hazijafika, tunaiacha huko juma zima. Hakuna pa kuchomeka. Kuna paneli mbili za sola juu ya paa na betri moja kubwa chini ya benchi, basi. Chanjo zinatakiwa zikae kati ya nyuzi mbili na nane. Zikipita nane, nesi anafunga mlango, na akina mama waliotembea tangu alfajiri na watoto mgongoni wanageuza. Na mama ukimrudisha mara moja, mara ya pili haji. Kazi yangu miaka yote ilikuwa kuhakikisha hageuzi kwa sababu ya betri.

Betri nilifundishwa na Mzee Namahala, fundi aliyekuwa na banda lake Masasi, si mbali na stendi. Nilimwendea na cheti changu cha ufundi umeme nimekitia kwenye plastiki kisilowe. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa, kisha akanisukumia betri iliyokufa akaniuliza imekufa kwa nini. Nikatoa mita, nikapima, nikaanza kumweleza habari za volti. Aliniacha nikamaliza yote. Ndipo akafungua vifuniko, akanionyesha tope la kahawia lililotuama ndani, akasema imenyweshwa maji ya kisima na mtu aliyeionea huruma. Cheti nilikirudisha kwenye mkoba siku hiyohiyo na sikukitoa tena mpaka nilipotakiwa kupeleka nakala za kustaafu.

Mzee yule alikuwa haamini mita peke yake. Alikuwa na kibomba cha kioo chenye boya ndani, unavuta asidi kidogo kutoka kila chumba cha betri, na boya likielea juu ujue chumba kimeshiba. Alinifundisha kusoma vyumba vyote sita, kwa sababu betri inaweza kuwa na vyumba vitano vizima na kimoja mgonjwa, na huyo mmoja anawaua wenzake. Alinifundisha kusafisha vichwa vya betri kwa magadi na mswaki mkuukuu, kuvipaka grisi, na kutojaza maji mpaka juu. Maji yenyewe yawe ya dukani, yale ya betri. Mtu wa Newala, ambako maji ni ya shida, anaposikia betri inanunuliwa maji yake maalumu wakati yeye anapanga foleni bombani, anakutazama kwa namna ambayo utaizoea. Mimi ilinichukua miaka.

Safari yangu ya kwanza na karavani ilikuwa Lupaso. Tulipofika tukakuta wenyeji wamefagia chini ya mkorosho mkubwa, pamewekwa viti na mkeka, na karavani ikaelekezwa hapohapo kwenye kivuli kizito. Mimi mgeni kazini, ni nani niseme neno? Tukaegesha. Siku ya pili jioni taa ilikuwa nyekundu kama kaa la moto, na daktari wa safari ile akamaliza kumwangalia mgonjwa kwa tochi ya simu. Kesho yake nikaomba tuhamie juani. Mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa kiongozi wa mapokezi, alishangaa sana.

"Mgeni tumwanike juani kama mhogo?" akauliza.

Hapo ndipo nilipojua adui wa betri huku kwetu si mawingu, ni heshima. Kila kijiji tulikokwenda, kivuli kizuri kuliko vyote kilikuwa kimetengwa kwa ajili yetu. Ukikikataa umewavunjia watu adabu. Ukikikubali, jokofu linazima. Nikabuni njia ya katikati: nikazishusha paneli kutoka paani, nikanunua waya mnene wa mita kumi na mbili, karavani ikakaa kivulini na paneli zikakaa chini juani, zimeinamia kaskazini kama inavyotakiwa miezi ya kipupwe. Usinunue waya mwembamba kwa urefu huo. Umeme unaishia njiani, nawe utalaumu jua bure.

Nilijisifu kwa njia hiyo kwa muda wa siku mbili hivi. Siku ya tatu chaji ikashuka katikati ya mchana, jua likiwa kali. Nikafuata waya mpaka kwenye paneli, nikakuta bibi mmoja amevipanga vipande vya mhogo juu yake, safu kwa safu, vimekaa vizuri kabisa. Aliniambia meza hizi ni nzuri, nyeusi, zinapata moto, na mbuzi hawazifikii kirahisi kama mkeka. Hakukosea hata kimoja. Nilimsaidia kuhamisha mhogo wake, na jioni alinipa mwingine wa kuchemsha. Lakini baada ya mhogo walikuja mbuzi wenyewe, na baada ya mbuzi ukaja mpira wa watoto. Nikaona bora nizirudishe paneli paani, nizifunge kwa bolti, halafu nipigane na vivuli kwa mdomo. Nikawa mkali. Tukifika tu, kabla ya salamu kwisha, nishakataa mkorosho.

Ukali huo ndio ulionipeleka kwenye kisa cha Mnyambe, na kisa hicho nakiandika kwa urefu kwa sababu kosa lilikuwa langu.

Tulifika Mnyambe, huko Newala, siku ya Jumatatu, kwenye kitongoji cha pembeni. Tulikuwa watatu: mimi, Nesi Pili ambaye ndiye alikuwa mwenye chanjo zake, na Kaisi dereva. Chanjo zilipangwa Alhamisi, kwa sababu akina mama wa vitongoji vya bondeni walikuwa wameshatangaziwa Alhamisi, na hao kupanda ule mteremko na mtoto si mchezo. Mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Likwena, alitupokea kwa furaha, akasema mgeni njoo mwenyeji apone, na safari hii kupona kwenyewe ni kwa sindano. Tukacheka. Kisha akanyoosha mkono kutuonyesha pa kuweka karavani, nyuma ya nyumba yake, chini ya mikorosho miwili iliyofungamana. Hata hajashusha mkono nikamwambia hapana, mzee, mimi hapo siweki, betri haitaki kivuli. Nikachagua uwanja mweupe mbele ya nyumba, ukingoni mwa shamba lake la korosho.

Aliutazama uwanja, akalitazama shamba, akanitazama mimi. Akasema, "Sawa. Mtaalamu ni wewe."

Maneno hayo mzee wa huku akikuambia, simama umuulize tena. Mimi sikusimama. Nilikuwa nimeshaanza kumwelekeza Kaisi arudishe nyuma.

Jumanne alfajiri nikasikia mngurumo, nikadhani pikipiki. Asubuhi hiyo mama mmoja alishikwa na uchungu mgumu, Kaisi akambeba kwa gari kumkimbiza hospitali Newala, na kasha letu la barafu, la kuokolea chanjo jokofu likigoma, likaenda humohumo nyuma ya kiti kwa kusahaulika. Mama alijifungua salama. Gari halikuwa salama: klachi iligoma mjini, na Kaisi akapiga simu kusema kabla ya Ijumaa tusimtegemee. Kwa hiyo hatukuwa na injini ya kuchajia betri, wala barafu. Sikuogopa, maana jua lilikuwepo.

Jioni nikapima. Badala ya volti kumi na mbili nukta sita, mita ikasema kumi na mbili nukta mbili. Nikailaumu kontrola, kile kisanduku kinachopima umeme wa paneli uingie kwenye betri, nikaifungua, nikakaza skrubu zake. Nikasugua vichwa vya betri kwa magadi. Nikavuta asidi chumba kwa chumba. Jumatano mchana volti zikawa zimeteremka chini ya kumi na mbili, na jokofu likasoma nyuzi sita na nusu. Nilikuwa nimefungua kila kinachofunguka ndani ya karavani. Kitu pekee nilichokuwa sijafanya ni kutazama juu.

Nikapanda juu ya pipa. Paneli zote mbili zilikuwa za manjano.

Aliyezaliwa huku hahitaji kuelezwa. Ulikuwa msimu wa maua ya mikorosho, na ule mngurumo wa alfajiri haukuwa pikipiki, ilikuwa mashine ya kupulizia salfa, ule unga wa manjano wa kuzuia ukungu wa ubwiriunga usile maua. Hupulizwa alfajiri upepo ukiwa umetulia na majani yana unyevu, ushike. Basi ulikuwa umeshika na kwenye vioo vyangu. Mimi mtoto wa mkulima wa korosho, niliyekua nikipiga chafya kwa salfa, niliegesha karavani ukingoni mwa shamba mwezi wa salfa. Nilijitukana kwa Kimakonde, kwa neno ambalo mama yangu asingependa nililiandike.

Nikajaribu kitambaa kikavu. Unga ulikuwa umelowa na umande ukakauka juani, umegandia kama uji ulioachwa sufuriani. Kuukwangua ningekwaruza kioo. Ulitaka maji, na maji ndiyo hayakuwepo. Bomba la kitongoji lilikuwa kimya siku nyingi, matangi ya mvua yamebaki na mwangwi. Nikaenda kwa Bibi Esha, dada mkubwa wa mwenyekiti, anayeishi uani kwake na anayelea mjukuu wa miezi tisa aliyekuwa kwenye orodha ya kesho. Nikamwomba ndoo moja.

"Nikupe ndoo ukaoshe kioo?" akaniuliza taratibu. "Mwanangu, mimi leo nimeoga kwa kikombe."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikamweleza yote: unga, betri, jokofu, kwamba ikifika nyuzi nane Nesi Pili anafunga, hata mjukuu wake hachanjwi. Alisikiliza huku akimpembeleza mtoto. Akasema nisiviguse tena vile vioo, maji atayapata yeye alfajiri. Ila nikazungumze na mdogo wake, kwa sababu mashine ikipita tena alfajiri hiyo, kuosha kwake ni kazi bure.

Jua lilikuwa bado halijazama nilipomkuta Mzee Likwena shambani. Nilikwenda na hasira, nakiri. Nilitaka kosa liwe lake.

"Mzee, kwa nini hukuniambia kama utapuliza?"

"Nilikuonyesha nyuma ya nyumba kwa sababu salfa haifiki kule," akasema. "Ulikataa kabla sijamaliza."

Nikakaa chini palepale kwenye majani makavu. Akafikiri, akauliza kama vijana wangeweza kuisukuma karavani mpaka nyuma ya nyumba. Nikamwambia kule kivuli hakitoki mpaka mchana, na mchana tutakuwa tumeshafunga. Ndipo nikamwomba asipulize kesho.

Nilijua ninachomwomba. Mashine ile ilikuwa ya zamu, inazunguka kwa wakulima wengi, na zamu yake ilikuwa asubuhi tatu tu: Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Safu ya mwisho, ile iliyopakana na karavani, ilikuwa imebaki. Akiiachia mashine, itamrudia wenzake wote wakishamaliza, na maua hayamngoji mtu. Aliyatazama maua yake. Kisha akaniuliza akina mama wa bondeni wanaanza kupanda saa ngapi. Nikasema nadhani usiku haujaisha wanakuwa njiani.

"Haya," akasema. Akaniacha, akaenda kumwambia jirani mwenye zamu inayofuata aje aichukue mashine jioni ileile.

Usiku huo tulizima kila kitu isipokuwa jokofu, tukalifunika mablanketi yetu, na Nesi Pili akapiga marufuku kulifungua. Betri haikuweza. Ilipochoka, jokofu likajizima lenyewe. Alfajiri kipimajoto kilisoma saba nukta nne, na Nesi Pili alikuwa amekaa mbele yake na shuka begani.

Nje kulikuwa kimya, hakuna mngurumo. Nikatoka, nikamkuta Bibi Esha na wanawake kama wanane wameshaingia kwenye majani marefu yaliyo nyuma ya uwanja. Kila mmoja ana kanga mkononi, anaiburuta juu ya majani yaliyojaa umande, anaikunja, anaikamua kwenye ndoo. Wanapiga soga na kutaniana huku wanakamua. Bibi Esha aliniambia wao walipokuwa wasichana, kabla ya bomba lolote, ndivyo walivyopata maji ya kunawia asubuhi za kipupwe, na akaniuliza huko chuoni nilikuwa nafundishwa nini. Nikachukua kanga yangu, nikaingia kwenye majani.

Ndoo haikujaa, ilifika nusu, maji ya kijani yenye mbegu za majani. Tukayachuja kwa kitambaa. Nikapanda juu ya pipa, nikaziosha paneli taratibu, mara ya kwanza zikatoa maji ya manjano, mara ya pili zikatakata. Maji yale nilimwaga kwa kipimo cha kijiko, na bado kila nilipokamua kitambaa nilisikia mtu chini anaguna. Ukungu ulipoondoka jua likapiga kioo moja kwa moja, nikakimbilia ndani. Kontrola ilikuwa inameza umeme kama mwenye njaa. Jokofu likaanza kuunguruma. Kipimajoto kilisoma saba nukta nane, kikakaa hapohapo, kikakaa, mimi na Nesi Pili tumeshikana mikono kama watoto wanaoogopa radi. Kisha kikashuka nukta moja.

Akina mama wa bondeni walipotokeza kwenye mkunjo wa njia kilikuwa kimefika sita. Nesi Pili akafungua mlango. Mjukuu wa Bibi Esha ndiye aliyedungwa wa kwanza, akapiga kelele zilizosikika mpaka bombani, na wanawake wa umande wakampigia vigelegele. Sikumbuki siku nyingine kazini niliyofurahi namna ile. Hakuna mama aliyegeuza.

Sasa mafunzo, maana najua mnayangoja. Miezi ya salfa ulizeni zamu ya mashine kabla ya kuegesha. Pandeni mtazame paneli kila asubuhi kabla hamjafungua skrubu yoyote. Umande ni bure, na unaosha vizuri, lakini uwahini kabla jua halijaupata. Kasha la barafu lishuke garini kabla ya mgonjwa kupanda. Na mwenyeji akikuonyesha mahali, mwache ashushe mkono wake, kisha umuulize kwa nini hapo. Kuuliza si ujinga. Baada ya Mnyambe sikukataa tena kivuli cha mtu kabla ya kusikia sababu yake, na mara nyingi tulipata pa kuegesha pazuri kuliko ningepachagua mimi.

Tulirudi Mnyambe wakati korosho zinaokotwa. Shamba la Mzee Likwena lilikuwa limejaa mabibo mekundu na ya manjano, harufu yake tamu imetanda kote. Nilimkuta anaokota pamoja na dada yake. Karibu na uwanja ule mweupe, safu moja ilikuwa na majani matupu. Maua yake yalikuwa yameliwa yote na ubwiriunga. Hakuwa amemwambia mtu yeyote wa mradi. Nikaanza kumpa pole, huku ile hasira yangu ya siku ile nikiikumbuka yote.

Akaniinulia kiganja ninyamaze.

"Safu hii imezaa, Mama Asumini," akasema. "Ilizaa Alhamisi ile."

Kisha akainama kuendelea kuokota. Mimi nikafungua mkoba wangu, nikajifanya natafuta mita.